Roboti za kijeshi: yanayosemwa Goma na yaliyopo

"Ile kitu inajiendesha yenyewe, hakuna mutu." Maneno hayo husikika Goma kila habari za droni zinapotajwa. Zile za MONUSCO, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, alizozindua hapa mkuu wa ulinzi wa amani wa Umoja huo, Hervé Ladsous, Desemba 2013, zilikuwa aina ya Falco, za kupeleleza tu, bila silaha. Ndani hamkuwa na mtu, ni kweli. Lakini walioziongoza walikuwapo ardhini, mbele ya skrini. Januari 2014 moja ilianguka palepale uwanja wa ndege.

Roboti nyingi za nchi kavu ni hivyohivyo: gari dogo na mtu mwenye rimoti. Mawasiliano kati yao yakikatika, kazi imekwisha. Urusi ilipoipeleka Uran-9, roboti yake ya kivita inayofanana na kifaru kidogo, Syria mwaka 2018, mawasiliano na mwendeshaji yalikuwa yakipotea katikati ya majengo, umbali wa mita mia chache tu.

Dhana inayonishangaza zaidi ni hii: kama chombo kinaweza kuruka chenyewe, basi kutembea chini ni rahisi. Ni kinyume kabisa. Angani hakuna mashimo. Mwaka 2004 DARPA, idara ya utafiti ya jeshi la Marekani, iliahidi dola milioni 1 kwa gari litakalovuka jangwa la Mojave bila dereva wala rimoti. Yalifuzu magari 15 kwa njia ya zaidi ya kilomita 220. Lililofika mbali kuliko yote, Sandstorm la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, halikumaliza hata kilomita 12: lilikwama kwenye kona, matairi yakazunguka mpaka yakatoa moshi. Mwaka uliofuata magari matano yalimaliza kilomita 212, na Stanley la Stanford likashinda kwa muda usiofika saa saba. (Wanaodhani utafiti wa jeshi wote ni siri wakumbuke kwamba mashindano hayo yalifanyika hadharani, na wanafunzi wakiwamo.)

Hata hivyo lile lilikuwa jangwa, na njia ilichorwa mapema. Mwanga wa leza unaopima umbali huona majani marefu kama ukuta, na shimo huliona kwa shida, kwa sababu shimo ni mahali ambapo mwanga haurudi. Tope na ardhi kavu huweza kuonekana sawa. Kijana wa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, anayeteremka na magunia ya viazi juu ya mawe ya lava iliyomwagwa na volkano mwaka 2002 anajua jiwe lipi litateleza kabla hajalifikia. Ujuzi huo ndio watafiti wanaohangaika nao hadi leo.

Basi roboti tuzipe miguu, wengine husema. Zilipewa. LS3, roboti ya miguu minne ya kampuni ya Boston Dynamics, iliyolipiwa na DARPA, ilikusudiwa kubeba kilo 180 kwa kilomita 32. Injini yake ilipiga kelele mno, adui angeisikia kabla ya kuiona, na mwaka 2015 kikosi cha Marine cha Marekani kikaiweka kando.

Je, betri itafukuza mazutu (dizeli)? Kwa kifaru, bado sana. Kilo moja ya mazutu ina nishati karibu mara 50 ya kilo moja ya betri ya lithiamu. Injini hupoteza zaidi ya nusu kama joto, lakini tofauti inabaki kubwa. Na porini hakuna pa kuchaji. Ndiyo maana wengi huchanganya: THeMIS, roboti ya Estonia iliyopelekwa Mali mwaka 2019 kusaidia askari kubeba mizigo, ina injini ya mazutu na betri pamoja, ili iweze kunyamaza inapobidi.

Wala si mambo mapya. Katika vita vya Finland vya 1939–40 Wasovieti walitumia vifaru visivyo na mtu ndani, vikiongozwa kwa redio. Aliyeviongoza alikuwa nyuma kidogo, ndani ya kifaru kingine.