Kasi ya upumuaji ni nini, na kwa nini ihesabiwe dakika nzima

Kasi ya upumuaji ni idadi ya pumzi anazovuta mtu kwa dakika 1 akiwa ametulia. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Mtu mzima mwenye afya hupumua mara 12 hadi 20.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi hapa Moshi, chati za wodi niliyopangiwa zilijaa pumzi 20 kitanda hadi kitanda, asubuhi na jioni. Joto lina kipimajoto, presha ina mashine. Pumzi inadai dakika yako nzima, ndiyo maana inakisiwa. Kwangu hilo ni kosa zito kuliko mengi tuliyokemewa.

Maambukizi yakienea kwenye damu, tishu hukosa oksijeni ya kutosha na asidi hujaa. Mwili hujitetea kwa kutoa kaboni dioksidi, yaani kwa kupumua harakaharaka. Wakati huohuo moyo huenda mbio, kwa hiyo presha inaweza kuendelea kusoma vizuri. Mgonjwa mwenye presha ya 120/80 na pumzi 28 hayuko salama hata kidogo. Ukisubiri presha ishuke, umeshachelewa. Hata mwenye kisukari ambaye damu yake imejaa asidi huvuta pumzi nzito, za haraka, ilhali mapafu yake ni mazima.

Kazi inaanza kwenye salamu. "Shikamoo bibi." Kama "Marahaba mwanangu, umeamkaje" inatoka vipandevipande, anatweta katikati, tayari umepata habari. Mshike kifundo cha mkono, hesabu mapigo, halafu usimwachie: ulaze mkono wake juu ya kifua, uhesabu pumzi huku ukitazama mshale wa sekunde. Akijua unahesabu pumzi, atazibadilisha bila kukusudia. Mwezi wa Julai, baridi ya Moshi ikishika, bibi huyo ana sweta na blanketi juu yake. Muombe ruhusa ufunue kidogo, uone kama nyama za katikati ya mbavu zinaingia ndani.

Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Akilia, subiri atulie mgongoni kwa mama.

Ukipata 26 kwa mtu mzima, hesabu tena. Ikibaki hivyo, mwite daktari, na umtajie namba hiyo kabla ya presha.