Emuleta ni nini, na kikompyuta cha bodi moja kinaiwezaje

Emuleta ni programu inayojifanya mashine nyingine. Inaigiza vyuma vya mashine ya zamani, yaani prosesa yake, memori yake, chipu ya picha na ya sauti, hadi gemu iliyotungwa kwa ajili ya mashine hiyo inaendelea na kazi zake bila kujua kwamba imehamishwa nyumba.

Anayeanza huchanganya vitu vitatu. Emuleta ndiyo hiyo programu. ROM ni faili lenye nakala ya data iliyokuwa ndani ya katriji, kile kikasha cha gemu kilichochomekwa kwenye mashine. Halafu kuna RetroPie, Recalbox, Batocera na Lakka: hivi ni vifurushi vinavyokusanya emuleta nyingi mahali pamoja na kukuwekea menyu ya kuchagulia. Ndiyo maana mtu huandaa kikompyuta chake vizuri kabisa, akakiwasha, akakuta menyu iko karibu tupu na kudhani kuna kitu kimeharibika. Hakuna kilichoharibika, mashine ipo, gemu bado hajaziweka.

Sasa tuje kwenye swali linalosumbua wengi: kama gemu ni za zamani hivyo, kwa nini zihitaji kompyuta yenye nguvu? Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983 na baadaye ikauzwa Marekani kwa jina la NES, ina prosesa inayokwenda mizunguko kama milioni 1.79 kwa sekunde, na memori ya kazi ya kilobaiti 2. Raspberry Pi 4, mojawapo ya vikompyuta vya bodi moja, ina prosesa yenye viini vinne, kila kimoja kikifika mizunguko bilioni 1.5 hadi 1.8 kwa sekunde. Kwa hesabu ya juu juu, tofauti ni kubwa mno. Lakini tazama kinachofanyika kwa amri moja tu.

Ndani ya ROM kuna baiti A9, ikifuatwa na 05. Kwa prosesa ya NES maana yake ni "weka namba 5 kwenye rejista A", yaani kijisehemu cha kushikia namba ndani ya prosesa. Prosesa ya Raspberry Pi ni ya ukoo wa ARM, na A9 ya namna hiyo haiijui. Emuleta inaisoma baiti, inaitafuta kwenye jedwali lake, inaweka 5 mahali ilipopatenga pawe rejista A, kisha inajiandikia kwamba mizunguko 2 ya saa imepita. Bado haijamaliza. Kwa NES ya Japani na Marekani, chipu ya picha huchora nukta 3 katika kila mzunguko mmoja wa prosesa. Kwa hiyo emuleta inadaiwa nukta 6, na chipu ya sauti nayo isogezwe mbele kwa kiasi hicho hicho, ndipo baiti inayofuata iguswe. Kazi hiyo irudiwe mamia ya maelfu ya mara kila sekunde, bila kuchelewa wala kuwahi.

Kwa maoni yangu hapo ndipo kiini cha dhana nzima kilipo. Kuigiza amri ni rahisi, shughuli ni kuigiza saa. Watunzi wa gemu za zamani walizijua mashine zao nje ndani, na walitegemea muda kama nyenzo ya kazi. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ule ukanda wa juu wenye alama na sarafu umetulia huku dunia ya chini ikisogea. NES haikuwa na njia ya kawaida ya kugawa skrini hivyo. Gemu inachofanya ni kusubiri chipu ya picha ifike kwenye nukta za kipicha fulani kilichofichwa chini ya alama ya sarafu, na ikishafika tu, inabadilisha msogeo katikati ya uchoraji. Emuleta isiyotoa ishara hiyo itaiacha gemu ikisubiri milele, na ikiitoa kwa wakati usio sahihi, picha inaruka.

Ukishalielewa hili, hutashangaa kwamba umri wa mashine hauamui kila kitu. PlayStation ya mwaka 1994 inakwenda vizuri hata kwenye Raspberry Pi 3. Sega Saturn, ya mwaka huo huo, ni kazi ngumu kwa vikompyuta hivi, kwa sababu ina prosesa kuu mbili zinazofanya kazi sambamba pamoja na chipu nyingine kadhaa za kusimamiwa. Nintendo 64 ya mwaka 1996 nayo ina visirani vyake: gemu moja inateleza, nyingine inakwamakwama. Emuleta zake nyingi hukata njia ya mkato, zikibahatisha gemu inataka kuonyesha nini badala ya kufuata chipu hatua kwa hatua. Kasi inapatikana, usahihi unapungua. Mtu akikuahidi kwamba kikompyuta chake cha mfukoni kinacheza kila kitu, muulize kuhusu Saturn.

Kuandaa kwenyewe si kazi kubwa. Unaandika mfumo kwenye kadi ya microSD kwa programu kama Raspberry Pi Imager, unachomeka pedi ya kuchezea, menyu inakuuliza kitufe kimoja kimoja, kisha unanakili ROM kwenye folda ya mashine yake. Usibanie chaja: Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, na ukiona alama ya radi pembeni mwa skrini, ujue umeme haujatosha na kasi itashuka. Gemu za PlayStation zina mtego wake pia. Mara nyingi huja kama mafaili mawili, la .bin lenye data na la .cue, ambalo ni maandishi tu yanayolitaja lile la kwanza kwa jina. Ukilibadilisha jina la .bin bila kuligusa la .cue, gemu haifunguki.

Kuhusu sheria, tenganisha tena vile vitu. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, iliamua kwamba hatua za kuchunguza BIOS ya PlayStation, yaani programu ya msingi iliyomo ndani ya mashine yenyewe, ili kutengeneza emuleta zilikuwa matumizi halali. ROM ni habari nyingine: gemu ina hakimiliki hata kama haiuzwi tena dukani, na BIOS yenyewe pia ni mali ya mwenyewe. Zipo gemu mpya ambazo watu hutunga kwa ajili ya mashine hizi za zamani na kuzigawa bure, na kwa kujaribia mfumo mpya zinatosha kabisa.

Mwisho ni ucheleweshaji, yaani muda unaopita kati ya kubonyeza kitufe na kuona matokeo kwenye skrini. Fremu moja, yaani picha moja kamili ya skrini, huchukua kama milisekunde 16.7, na televisheni za kisasa huongeza fremu kadhaa kwa kupamba picha. Kabla hujailaumu emuleta kwa Mario kutumbukia shimoni, washa hali ya gemu kwenye televisheni. Ikishindikana, RetroArch, programu ya kuendeshea emuleta, ina kipengele kinachokokotoa fremu za mbele mapema ili kufidia, ila kinakula prosesa, na kwenye vikompyuta vidogo zaidi hakifai kwa mashine yoyote nzito.