Kasi ya obiti: ukitaka kumfikia aliye mbele, punguza mwendo

Kasi ya obiti ni mwendo unaokiwezesha chombo kuizunguka Dunia bila kuanguka chini wala kutokomea angani. Rusha jiwe, litaanguka hatua chache mbele yako. Lirushe kwa nguvu zaidi, litatua mbali zaidi. Sasa lipandishe juu kabisa kusiko na upepo wa kulizuia, ulirushe kwa kilomita 7.7 hivi kwa sekunde. Litaendelea kuanguka, ila kadiri linavyoshuka ndivyo na Dunia, kwa kuwa ni mviringo, inavyopinda chini yake. Halifiki chini. Mwezi nao unaanguka vivyo hivyo kila siku.

Wengi hudhani kilicho juu zaidi ndicho kinachokimbia zaidi. Ni kinyume, maana mvutano wa Dunia hufifia kadiri unavyopanda. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi juu yetu, humaliza mzunguko kwa kama dakika 90. Setilaiti za televisheni ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, zinakwenda kilomita 3 tu kwa sekunde, na mzunguko wake ni sawa na wa Dunia yenyewe. Ndiyo maana fundi akishalenga dishi lako, halihamishwi tena.

Jambo hili lilimsumbua mwanaanga wa Marekani James McDivitt mnamo Juni 1965. Akiwa na mwenzake ndani ya chombo cha anga Gemini 4, alikiona kipande cha roketi iliyowapandisha, taa zake zikimweta gizani, akataka kukisogelea. Akafanya ambalo rubani yeyote wa ndege angefanya: akakielekea, akawasha injini ndogo. Kipande kikazidi kuwa mbali. Akajaribu tena na tena, mafuta yakapungua mno, ikabidi waache.

Napenda sana kisa hiki kwa sababu kosa halikuwa la uzembe. Mazoea ya ardhini ndiyo yaliyodanganya. Angani, ukiongeza kasi, njia yako inatanuka na kupanda upande wa pili wa Dunia. Katika kupanda huko unapoteza mwendo, kama jiwe lililorushwa juu, na mzunguko wenyewe umekuwa mrefu. Ukirudi pale ulipoanzia umeshachelewa, na uliyemfukuza amekuacha. Ukipunguza kasi, unashuka, njia inafupika, mvutano unakuongezea mwendo, nawe unampita kwa chini. Ukishamkaribia ndipo unawasha injini tena ili upande kwenye njia yake.

Desemba mwaka uleule Gemini 6A ilifanya hivyo hasa. Ilirushwa kwenye obiti ya chini kuliko ya Gemini 7, ambayo tayari ilikuwa angani, ikaifukuzia kutoka huko chini ikipanda kidogo kidogo, hadi vyombo hivyo viwili vikawa chini ya mita 1 kutoka kimoja hadi kingine.