Infect si kuugua: dhana potofu kuhusu kitenzi kimoja cha Kiingereza

Dhana: "Infect" ni kuambukiza, basi kitumie kama unavyotumia kuambukiza.

Ukweli: Maana zinakaribiana, sentensi hazifanani. Kitenzi chetu hubeba mtu na ugonjwa kwa pamoja: amemwambukiza kaka yake kifua kikuu. Cha Kiingereza humbeba mtu peke yake, kisha ugonjwa huja nyuma ya "with": "he infected his brother with tuberculosis". Ukiandika "he infected tuberculosis to his brother", umesema Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Nasi tunaposema ugonjwa huu unaambukiza, wao huacha kitenzi na kushika kivumishi: "this disease is infectious".

Dhana: Aliye "infected" ni mgonjwa, tena ni hatari kwa wenzake.

Ukweli: Kosa hili huumiza watu, kwa sababu humfanya mtu akimbiwe bure. Neno linasema tu kwamba vimelea vimeingia mwilini na kupata makao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa robo hivi ya watu duniani wameambukizwa bakteria wa kifua kikuu. Wengi wao hawaumwi kamwe, na bakteria wakiwa wamelala hawamfikii mtu mwingine. Kinyume chake yupo Mary Mallon, mpishi wa New York aliyetengwa mwaka 1907: mwenyewe hakuwa na dalili, ila aliwaambukiza homa ya matumbo watu aliowapikia. Pepopunda nayo huingia kupitia jeraha, wala mgonjwa hampi mwenzake. Kuambukizwa, kuumwa na kuambukiza ni mambo matatu.

Dhana: "Infected" na "affected" ni mamoja.

Ukweli: Mtoto anayemuuguza mama yake ni "affected", ameathiriwa, hata kama hana kirusi hata kimoja. Sisi wenyewe tuliyachanganya haya kwa miaka, tukiwaita wenye VVU waathirika. Nafurahi kusikia "watu wanaoishi na VVU" siku hizi.

Maji na meza, kwa kawaida, huwa "contaminated", yaani vimechafuliwa. Kwa chawa na kunguni hutumika "infest", yaani kuvamia. Kidonda ndicho huwa "infected".

Dhana: Kusema kicheko ni "infectious" ni kupotosha neno la kitabibu.

Ukweli: Udaktari haukulizaa neno hili. Asili yake ni Kilatini, "inficere", kuchovya kitu kwenye rangi mpaka kitambaa kiinywe. Kama rangi inavyoenea kitambaani, ndivyo kicheko kinavyoenea kwa watu.