Je, wajua? Kwa nini maji ya Ruvu hayatulii hata ukiyaacha usiku kucha

Chota ndoo ya maji ya Mto Ruvu wakati wa masika, iweke kivulini uani, uirudie asubuhi. Mchanga utaukuta umelala chini, lakini maji juu yake bado yana rangi ya chai ya maziwa. Ngoja siku mbili zaidi, ni yale yale.

Kinachogoma kuzama ni chembe za udongo mfinyanzi, uliokokotwa na mvua tangu milima ya Uluguru. Chembe yenye upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita, hata maji yakitulia tuli, huchukua karibu wiki mbili kushuka mita 1. Zilizo ndogo zaidi hazifiki kabisa. Kisha kuna umeme: kila chembe imevaa chaji hasi, na chaji za aina moja husukumana. Zingegusana zingeshikana, zikawa bonge, bonge likazama. Ila kila moja inaikimbia mwenzake.

Hapo ndipo shabu inapoingia. Mitambo mingi ya maji hutumia salfeti ya alumini, ndugu wa lile jiwe jeupe ambalo vinyozi husugua kidevuni. Ikiyeyuka hutoa alumini yenye chaji chanya tatu, na ule msukumano unakufa. Alumini hiyo pia hugeuka utando laini kama ute, unaozoa chembe njiani.

Kukoroga nako kuna ufundi wake. Mwanzo ni kwa nguvu, dakika moja hivi, dawa ienee kabla haijaganda. Halafu polepole sana, dakika ishirini au zaidi, maana mabonge machanga huvunjika upesi. Kipimo hakikaririwi, kwa sababu mto wa leo si wa jana. Mpimaji hupanga bilauri, mara nyingi sita, za maji yale yale, kila moja na dozi yake, akazikoroga pamoja na kutazama. Katika moja utaona vipande kama theluji ya kijivu vikishuka, na maji kati yao yanang'aa. Hiyo ndiyo dozi ya siku. Ukizidisha, chembe hugeuka kuwa na chaji chanya, zikaanza kukimbiana upya. Tena shabu huongeza asidi, hivyo mara nyingine chokaa hutiwa kuirekebisha.

Tafadhali, wewe unayetumia shabu nyumbani: maji meupe si maji salama. Vijidudu vingi huzama na tope, lakini si vyote. Chemsha, au tia klorini. Mtamboni pia, baada ya kutuama maji hupita kwenye mchanga, ndipo yatiwe klorini. Ikitiwa kwenye tope, klorini huishia kwenye uchafu na vijidudu hujificha nyuma ya chembe.

Mtambo wa Ruvu Chini, uliopo Bagamoyo, unaisafishia Dar es Salaam maji ya mto huu tangu miaka ya 1970. Lakini shuka hadi pale mto unapokutana na bahari, kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Chumvi nayo huua ule msukumano, ingawa sodiamu iliyomo ndani yake ina chaji moja tu, hivyo inatakiwa kwa wingi: maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, ilhali ndoo nzima ya lita 20 mara nyingi hutosheka na gramu 1 ya shabu au pungufu. Tope lililosafiri kutoka Uluguru bila kutua, hapo hushikana na kuzama. Ndilo lile tope laini linalomeza miguu yako hadi magotini kwenye mikoko.