Msumeno wa mnyororo na mashine ya kupasulia magogo: ajali hutokea wapi, na huzuiwaje

Msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita chensoo, ukipewa mafuta yote mnyororo wake hukimbia takriban mita 20 kwa sekunde, na mingine hupita hapo. Hakuna mtu mwenye wepesi wa kuushinda. Kinachomlinda mtumiaji ni namna alivyoshika, mahali aliposimama na alichokagua kabla ya kuvuta kamba.

Ajali ya kuogopwa kuliko zote ni teke. Mnyororo unapozunguka ncha ya bapa la msumeno, meno yaliyo kwenye robo ya juu ya ncha hiyo yakigusa kitu kigumu huuma zaidi ya yanavyoweza kukata. Yanakwama, na nguvu ya injini inahamia kwenye bapa lenyewe: msumeno unaruka juu na kurudi kwa aliyeushika, ukielekea shingoni na usoni. Mara nyingi kilichoguswa si gogo linalokatwa, bali jingine lililojificha nyuma yake. Ondoa kwanza chochote kilicho upande wa pili wa mkato.

Mkono wa kulia hukaa kwenye mpini wa nyuma na wa kushoto kwenye mpini wa mbele, hata kwa anayetumia shoto, kwa sababu mashine imeundwa hivyo. Kidole gumba cha kushoto kizunguke mpini kikamilifu. Wapo wanaokiweka juu yake pamoja na vidole vingine. Teke likija, mpini unachomoka. Simama kidogo upande wa kushoto ili kichwa chako kisiwe kwenye mstari wa mnyororo, wala usikate juu ya usawa wa bega. Kukata ukiwa juu ya ngazi tusikujadili, usifanye.

Kinga iliyo mbele ya mpini wa mbele ndiyo inayofunga breki ya mnyororo. Ijaribu kila siku kabla ya kazi: injini ikikimbia na mikono yote miwili ikiwa imeshika, isukume mbele kwa kifundo cha mkono wa kushoto. Mnyororo usimame papo hapo. Breki ikiwa wazi na injini ikinguruma taratibu bila kupewa mafuta, mnyororo usitembee hata kidogo. Ukitembea, punguza mwendo wa injini kwenye skrubu yake kabla ya kuendelea.

Kuwasha hufanyika msumeno ukiwa chini, breki imefungwa, ncha ya buti la kulia ndani ya mpini wa nyuma na mkono wa kushoto umenyooka kwenye mpini wa mbele. Ule mtindo wa kuushika hewani na kuuangusha huku ukivuta kamba humwacha mtu na mkono mmoja tu kwenye mashine inayoanza kuzunguka.

Mnyororo ukianza kutoa vumbi laini badala ya vipande vya mbao, umekuwa butu. Unoe kwa tupa ya mviringo yenye kipenyo kilichotajwa kwenye kitabu cha mashine. Kwa misumeno ya nyumbani huwa 4 mm au 4.8 mm. Kila jino lipate idadi sawa ya mipigo, la sivyo mkato utapinda upande mmoja. Mbele ya kila jino kuna nundu inayopima kina cha kuuma, ambayo kwa kawaida huwa chini ya jino kwa karibu 0.65 mm. Watu huzisaga nundu hizi hovyo wakitaka msumeno ukate haraka. Wanachopata ni mnyororo unaouma kupita kiasi na unaopiga teke kirahisi.

Mnyororo usilegee kiasi cha kuning'inia chini ya bapa, wala usikaze kiasi cha kushindwa kuvutwa kwa mkono wenye glavu, injini ikiwa imezimwa. Petroli ichanganywe na oili ya injini za mipigo miwili: kwa uwiano wa 50:1, ni mililita 20 za oili kwa kila lita. Jaza tangi injini ikiwa imepoa, kisha sogea angalau mita 3 kabla ya kuwasha. Kila unapojaza petroli, jaza na oili ya mnyororo.

Mavazi: kofia ngumu, miwani au wavu wa uso, kinga ya masikio, buti zenye chuma mbele, na suruali maalumu yenye nyuzi ndefu ndani. Mnyororo ukiigusa, nyuzi hizo hujisokota kwenye gia na kuisimamisha. Jinzi haina uwezo huo, hata iwe nzito vipi.

Gogo lenyewe lisomwe kabla ya kukatwa. Likiegemea ncha zote mbili na katikati likaning'inia, upande wa juu umebanwa na wa chini umevutwa. Kata juu theluthi moja ya unene, kisha malizia kutoka chini. Likishikwa upande mmoja tu, geuza: theluthi ya kwanza chini, kisha malizia juu. Ukikosea, mkato hujifunga na kulibana bapa. Hapo zima injini, fungua mkato kwa kabari ya mbao au plastiki, ya chuma huharibu meno. Kwenye mteremko, simama upande wa juu wa gogo.

Kata miisho iwe mraba, kwa sababu kipande chenye mwisho wa mshazari huteleza kikibanwa kwenye mashine ya kupasulia. Mashine hii huenda taratibu, na utaratibu huo ndio unaowadanganya watu. Vidole hupotea zaidi pale wawili wanapogawana kazi, mmoja akiweka gogo na mwingine akishika lever. Anayeweka ndiye aendeshe, peke yake. Kama ina vidhibiti vya mikono miwili, usikifunge kimoja kwa kamba. Pasua kwa kufuata nyuzi za mbao, kamwe si kuzikata kwa upana. Gogo likinasa kwenye kabari, rudisha nyuma pistoni, ile sehemu inayosukuma, uzime, ndipo ulitoe.

Mipira ya haidroliki, yaani ile inayopitisha oili yenye presha, ikaguliwe kwa macho, mashine ikiwa imezimwa na presha imeshushwa. Tundu dogo kama la sindano linaweza kurusha oili kwa presha inayopenya ngozi, kwa hiyo usilitafute kwa kidole hata ukiwa na glavu. Jeraha lake huonekana kama nukta tu na pengine haliumi mwanzoni, huku oili ikisambaa ndani na kuua nyama. Mtu aliyepata nukta hiyo apelekwe hospitali saa ileile na daktari aambiwe wazi kuwa ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa presha, kwa sababu mara nyingi huhitaji upasuaji.