Protini kufanana siyo lazima zifanye kazi moja: yanayoaminiwa vibaya kuhusu kutabiri vimeng'enya vya bakteria

Kusoma jenomu ya bakteria, yaani DNA yake yote, siku hizi siyo shida tena, shida ni kujua kila jeni linafanya nini. Escherichia coli K-12, ambaye jenomu yake ilitoka 1997, peke yake ana jeni kama 4,300 hivi, na hakuna maabara itakayokaa kupima protini moja moja za kila bakteria aliyesomwa, haiwezekani. Ndo maana tunachukua mfuatano wa amino asidi (vile vipande vinavyounda protini) wa protini mpya, tunaulinganisha na wa protini zinazojulikana, tukipata inayoendana nayo tunasema hii ni kimeng'enya fulani, yaani protini inayoendesha kemia fulani. Njia ni nzuri na mimi naitetea kabisa, ila kuna vitu watu wanaviamini kuihusu ambavyo sivyo, na vinaharibu kazi za watu wengi.

Dhana: protini zikifanana sana, basi kazi ni ileile.

Hii ndo kubwa kuliko zote. Ukweli ni kwamba kufanana kunakwambia undugu, yaani hizo protini zimetokana na protini moja ya zamani, lakini kazi ni swali lingine na lina majibu yake. Angalia AtzA na TriA, zote zinatoka kwenye bakteria, kila moja ina amino asidi 475 na zinapishana sehemu 9 tu, yaani zimefanana kwa asilimia 98. Programu yoyote utakayotumia itakwambia ni kitu kimoja. Sasa AtzA inang'oa klorini kwenye atrazini, ile dawa ya kuulia magugu, TriA yenyewe inang'oa kundi la amino kwenye melamini, na ukimpa AtzA melamini hafanyi chochote. Kuna mfano mwingine naupenda sana, mwaka 1988 watafiti walichukua laktati dihaidrojenesi ya Bacillus stearothermophilus wakabadilisha amino asidi moja tu, glutamini ya nafasi ya 102 wakaweka arjinini, kimeng'enya kikaacha kupenda piruveti kikaanza kupenda oksaloaseteti, kikawa malati dihaidrojenesi. Amino asidi moja! Kwa hiyo usiishie kwenye asilimia, fungua ulinganisho wenyewe uangalie zile amino asidi chache zilizo pale kemia inapofanyika, je zipo zote? Ziko vilevile? Kama hazipo, hata protini zifanane asilimia 70 bado una kitu cha kujiuliza.

Dhana: usipopata kinachofanana, bakteria huyo hana hicho kimeng'enya.

Helicobacter pylori, anayesababisha vidonda vya tumbo, jenomu yake nayo ilitoka 1997 na ukitafuta ThyA humo, kimeng'enya kinachotengeneza thimidileti, hukioni. Bila thimidileti hakuna DNA, na yeye anaishi na anazaliana vizuri tu. Jibu likaeleweka 2002: anatumia ThyX, protini nyingine kabisa ambayo mfuatano wake haufanani na wa ThyA hata kidogo, inafanya kazi kwa msaada wa flavini (molekuli saidizi), lakini mwisho wa siku inatoa kitu kilekile. Bakteria wa kifua kikuu anazo zote mbili. Na sisi binadamu tuna ya aina ya ThyA tu, ndo maana watu wa dawa wanaitolea macho ThyX. Yaani kama pale palipoachwa wazi kwenye njia ya umetaboli, yaani ule mfululizo wa hatua za kikemia ndani ya seli, watu wangeandika tu "hana" wakaendelea na mambo yao, kitu cha maana kama hicho kingepotea.

Ukikuta pengo la namna hiyo, angalia majirani. Bakteria wana tabia ya kupanga jeni za kazi moja pamoja, kwa mfano E. coli jeni zake tano za kutengeneza amino asidi ya triptofani, trpE, D, C, B na A, zimefuatana kabisa. Jeni lisilojulikana likiwa limebanwa katikati ya jeni za njia yenye pengo, hapo una mtuhumiwa mzuri hata kama mfuatano wake haukwambii kitu.

Dhana: thamani ya E ikiwa ndogo sana, jina ni sahihi.

Hapana. Thamani ya E, ile namba ambayo programu ya kulinganisha inakupa, ni idadi ya matokeo mazuri kiasi hicho ambayo ungetegemea kuyapata kwa bahati tu kwenye databesi ya ukubwa huo. Databesi ikikua mara mbili nayo inapanda mara mbili, na protini zako hazijabadilika chochote. Inajibu swali la undugu, basi.

Dhana: jina likishakuwa kwenye databesi limethibitishwa.

Majina mengi yamewekwa na mashine kwa kufananisha, na ile iliyofananishiwa nayo ilipewa jina kwa kufananishwa, kosa moja linatembea hivyo kizazi hadi kizazi. Kwenye UniProt, databesi kubwa ya protini, kuna Swiss-Prot inayopitiwa na watu na kuna TrEMBL ambayo ni kazi ya mashine, na TrEMBL ni kubwa mno kuliko mwenzake. Halafu kuna shida ya vipande. Kimeng'enya kinachoitwa IMP dihaidrojenesi kina kipande cha CBS ambacho kipo pia kwenye protini nyingi zisizohusiana na kazi hiyo, basi protini kibao zikabatizwa IMP dihaidrojenesi kwa sababu ya kipande hicho tu, sehemu yenyewe inayofanya kemia hazina. Angalia ulinganisho umefunika protini yote au kona moja, ni dakika mbili tu! Na kama ushahidi wako unaishia kwenye familia, yaani kundi la protini ndugu, andika familia, usimtajie kimeng'enya kitu anachokifanyia kazi wakati hukijui.

Kuna na wanaodhani jeni likiwepo basi bakteria anafanya hiyo kazi. E. coli ana jeni za bgl za kutumia salisini (kemikali ya mimea yenye sukari ndani yake), nzima kabisa, lakini kwa kawaida zimezimwa, hawezi kula salisini mpaka yatokee mabadiliko ya DNA yanayoziwasha. Hilo huwezi kuliona kwa kulinganisha protini, inabidi umpe bakteria hiyo salisini uone kama anakua.